Hodi Isiyoitikiwa

Lindi, 3 Machi 1953

Mdogo wangu mpenzi Tunu,

Salamu nyingi zikufikie hapo Temeke, wewe na mama yetu Bi Mwajabu. Mama mpe shikamoo yangu kabla hujasoma zaidi, maana najua amekaa ubavuni kwako na sikio kalitega. Mimi kaka yako ni mzima, ila vumbi la njia ya Masasi limenibadilisha rangi, hata nikioga maji yanatoka mekundu. Niambie mtoto wa jicho anamsumbuaje mama. Bado anauona mwanga wa mlango, au sasa anatembea kwa kupapasa? Na yale makuti ya upande wa jikoni mmeyabadilisha, au mnangoja masika yawanyeshee?

Kazi inakwenda. Huku wananiita Bwana Sinema. Gari likiegeshwa uwanjani na kitambaa cheupe kikitundikwa, nashika kipaza sauti changu na kuuliza, "Hamjambo nyie wa Nachingwea?" Uwanja mzima unaitika. Picha zenyewe ni bubu, anayezipa ulimi ni mimi. Juzi tulionyesha mtoto wa Ulaya anaogeshwa kwenye beseni. Akina mama wakaanza kunung'unika: bibi yake yuko wapi, mbona mzazi kaachiwa mtoto peke yake? Nikawaambia bibi kaenda kuchemsha maji, anarudi sasa hivi. Wakatulia, wakatazama mpaka mwisho. Kazi hii alinifundisha mama bila kujua, tangu siku zile nilipokuwa nikimsimulia harusi na ngoma ambazo macho yake hayakuziona vizuri.

Sasa Bwana mkubwa wetu anasema inakuja sinema inayosema yenyewe, kwa Kiswahili, sauti imo ndani ya mkanda. Aliniambia kwa furaha, kama mtu aliyeniletea zawadi. Nami nikacheka naye.

Nassibu wa mjomba, ambaye meli yake ilitia nanga hapa wiki iliyopita, ananiambia watu wa picha hizo wameshafika Temeke, wanatafuta wa kuigiza. Tunu, usiende kule. Wewe ni mjane, na ni binti Mwinshehe, usilisahau jina la baba. Sitaki sura yako itandazwe kwenye kitambaa itazamwe na wanaume wa nchi nzima. Mimi ndiye ninayewasikia wanavyosema gizani, wewe huwasikii.

Ni mimi kaka yako,
Mfaume


Temeke, 19 Aprili 1953

Kaka yangu Mfaume,

Shikamoo. Mama amesema marahaba, tena kwa sauti ya kufika Lindi. Barua yako imechelewa kwenye mfuko wa Nassibu na imefika imelowa, nimeianika juu ya cherehani ndipo nikaweza kuisoma. Sisi hatujambo. Makuti tumebadilisha. Macho ya mama ni yaleyale: mwanga anauona, mtu hamwoni mpaka aseme. Sherbanu, mke wa Firoz mwenye duka, amejifungua mtoto wa kiume na nimemshonea vinguo vya arobaini.

Kuhusu watu wa picha, ni kweli wamefika. Mimi nimewashonea nguo.

Hadithi yao ni hii. Kijana kafanya kazi hospitali mjini, kapata nyumba Kinondoni na viatu vya kung'aa. Mama yake anaumwa huko shamba. Dada yake anamfuata kwa miguu, kavaa kaniki imejaa vumbi, anapiga hodi mlangoni kwake. Kaka yumo ndani, anamsikia, lakini anamwonea haya kwa sababu ya ile kaniki. Hajibu. Baadaye moyo unamwuma, anatoka, wanarudi pamoja kwa mama. Mwisho wa picha ni kijana anapiga hodi kwa mamaye.

Huo mwisho waliupiga uani kwetu, na ndipo vituko vilipoanza. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele kwa vidole. Kijana akaja mlangoni, "Hodi!" Mama huyo, "Karibu mwanangu, pita ndani, jua kali!" Bwana wa picha akasimamisha mashine. Wakarudia. "Hodi!" "Karibu mwanangu, pita ndani!" Bwana akavua kofia akaitupa chini. Apolinari, mtu wa Bukoba anayemtafsiria, akaja kwa adabu.

"Mama, tafadhali usiitikie. Huu ni mchezo tu."

"Mchezo ndiyo, baba," mama akamwambia, "lakini hodi si mchezo. Mtu apige hodi kwangu mie ninyamaze? Watasema nimekufa."

Wakarudia mpaka jua likahama, na mama akaitikia kila mara, hata mara moja aliyoahidi kabisa kunyamaza. Mwishowe Bwana akasema basi, pale mwishoni sauti itafutwa, atatia muziki. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Mwanamke anayeigiza dada mtu anaweza kazi yake. Simjui sana.

Mdogo wako,
Tunu


Masasi, 6 Mei 1953

Tunu,

Nassibu amenieleza yote. Mwanamke mwenye kaniki ni wewe. Umekwenda Kinondoni ukasimama kwenye mlango wa watu mbele ya mashine, huku barua yangu umeianika juu ya cherehani.

Nilikukataza. Sina zaidi.

Mfaume


Temeke, 20 Juni 1953

Kaka yangu Mfaume,

Shikamoo. Idi tumeisherehekea vizuri, alhamdulillahi. Mama alifunga mwezi mzima ingawa nilimsihi apumzike. Firoz alimletea tende, na Nassibu alikuja kula pilau akala ya watu watatu. Mtoto wa Sherbanu ananenepa.

Barua yako ya Masasi ilifika wakati mama yuko pembeni yangu. Nilipoifungua akasema, "Soma." Nikatazama, hakuna salamu. Hukumwulizia hata macho yake. Nifanyeje, kaka? Nikamtungia. Nikasoma, "Mama yangu mpenzi, shikamoo, huku mvua zimekwisha na mihogo imekubali." Nikakutilia na kikohozi kidogo ili akuonee huruma. Alisikiliza, kisha akasema, "Mwambie anywe maji ya tangawizi." Basi kunywa.

Ndiyo, ni mimi. Nilikuficha kwa sababu nilijua utakataa, na nilikwisha kubali kabla barua yako haijafika. Sikufanya jambo la aibu. Nilijifunika vizuri, nilisimama mlangoni, nikaita kwa sauti. Tangu mume wangu afe watu wote wananiambia taratibu, Tunu, nyamaza, Tunu, jikaze. Yule Bwana ni mtu wa kwanza kuniambia, sema kwa nguvu, hatujakusikia. Nikasema kwa nguvu, kaka. Nilijisikia mtu.

Na nikuambie jambo ambalo huna mtu mwingine wa kukuambia. Wewe huoni haya kwa ajili yangu. Unaiogopa ile mashine. Unaogopa watu wakinisikia mimi hawatakutaka wewe. Ungeniandikia hivyo ningelia nawe, maana najua unavyoipenda kazi hiyo. Lakini umeningoja kwenye jina la baba ukanipigia hapo. Imeniuma, na bado inaniuma ninapoandika.

Mama anakusalimu. Hizi si za kutunga.

Tunu


Nachingwea, 11 Oktoba 1953

Tunu,

Shikamoo kwa mama. Na wewe, hujambo. Sikuandika muda mrefu kwa sababu ya safari. Hapo nimeandika uongo. Nilikuwa na karatasi na wino siku zote. Tangawizi nilikunywa, ingawa sikuwa na kikohozi.

Mkanda wenu umefika. Ulipelekwa Ulaya kusafishwa na sasa umerudi kwenye sanduku la bati, pamoja na mashine mpya na agizo la maandishi: picha hii inajieleza yenyewe, msemaji asiseme neno. Kipaza sauti changu kimeachwa garini kwa ajili ya kutangaza saa ya kuanza tu. Mwaka ukiisha sijui watanifanya nini. Bwana mkubwa anasema naweza kujifunza kuendesha gari. Yaani mimi, Tunu, nikae nyuma ya usukani nikiwatazama watu wanaocheka na mtu mwingine.

Tuliionyesha hapa baada ya magharibi. Nilikaa garini, kipaza sauti nimekipakata. Sauti yako ilinifikia kabla sijakutazama, na ilikuwa sauti yako hasa, ile unayomwitia muuza samaki asipite. Nilishika mlango wa gari. Ulipokuja kwenye ile nyumba ya Kinondoni ukapiga hodi, watu wakangoja kaka mtu ajibu. Kimya. Ukapiga ya pili. Wakaanza kugunaguna. Ya tatu haikuvumilika: uwanja mzima, wazee kwa watoto, wakaitika, "Karibu!" Wewe huku unasema yale maneno yako, "Kaka, ni mie, mama anaumwa," hakuna aliyeyasikia. Wao bado wanakukaribisha. Mwanamke mmoja alisimama kabisa akakupungia mkono uende kukaa kwake. Basi hadithi ikawapotea, hawakujua dada kafuata nini, wala kijana analilia nini.

Zamani ningesema neno moja tu wangetulia. Safari hii nilinyamaza kama nilivyoagizwa. Nakiri kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi kuona mashine imeshindwa, na sehemu hiyo siipendi.

Baadaye mzee mmoja akaja dirishani.

"Bwana Sinema, leo umetununia. Na yule dada wa watu mbona mmemwacha mlangoni?"

Nikamjibu, "Sio sie, mzee. Ndivyo walivyopiga picha."

Akasema, "Lakini wewe ulikuwepo." Akaenda zake.

Umeigiza vizuri.

Mfaume


Temeke, 15 Novemba 1953

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na neno la mwisho nimelisoma zaidi. Asante. Kwetu mvua ndogo zimeanza. Firoz amepaka duka rangi ya kijani, kila mtu anamwuliza kama amehamia msikitini. Nassibu anataka kuoa, lakini hajasema nani, na nadhani mwenyewe bado hajajua.

Nina jambo la mama, na ndilo linaloniandikisha.

Gari la sinema lilikuja Temeke Jumamosi iliyopita, si lako, lingine, halina msemaji kabisa, dereva tu na fundi wa mashine. Mtaa wote ulitoka kunitazama. Nilimpeleka mama nikamtandikia mkeka mbele. Alikuwa amevaa kanga zake mpya na amejitia udi, kwa sababu kichwani mwake anakwenda kukusikiliza wewe. Nilimweleza kwamba safari hii picha inasema yenyewe. Akasema, "Sawa, lakini Mfaume naye atasema."

Picha ikaanza. Aliposikia sauti yangu alinipapasa mkono kuhakikisha kwamba nimekaa hapa, akacheka. Halafu zikaja zile hodi tatu. Hapa watu hawakuitika kama huko kwenu, maana wananijua, walikuwa wakinipigia vigelegele. Baada ya hodi ya tatu na yale maneno yangu, kama ujuavyo, hakuna neno tena mpaka mwisho. Ni picha tupu na muziki wa kizungu. Kaka anatoka, anakimbia, anachukua mzigo, wanafika nyumbani, yote bila neno. Sisi tunaona. Mama alisikia zumari na ngoma tu. Akaniuliza, "Anafanya nini sasa?" Nikajaribu kumwambia, kelele zikanishinda. Akaita kwa nguvu, "Mfaume! Niambie, anafanya nini?" Watu wa mbele wakageuka. Kaka, nilitamani ardhi inimeze, si kwa aibu, kwa huruma.

Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Anasema kaka mtu hakufungua mlango. Nikamwambia alifungua, mama, alitoka mbio, nimemwona. Akaniambia, "Ungefanya nini wewe zaidi ya kusema hivyo? Hata zile salamu za Masasi ulinitungia." Alijua, Mfaume. Siku ile ile alijua, akatuma tangawizi ili nisione haya. Sasa maneno yangu hayamtoshi. Na anapomtaja kaka mtu hamtaji kijana wa sinema. Anasema, "Mfaume hakumfungulia mdogo wake." Nikimsahihisha anarudia hivyohivyo.

Siwezi kulitengeneza hili peke yangu. Sijui utafanyaje kutoka huko. Lakini wewe ndiye uliyekuwa macho yake tangu mimi sijazaliwa.

Mdogo wako,
Tunu


Lindi, 6 Desemba 1953

Mdogo wangu mpenzi Tunu,

Nakusalimu sana, na naomba usome salamu hizi polepole kwa sababu nyingine ni deni la Mei. Hujambo, mdogo wangu? Cherehani haijambo? Usiku unalala? Mwambie Firoz kijani kinamfaa. Mwambie Nassibu amsubiri mwenye kumkataa mara mbili, huyo ndiye. Ulichoandika mwezi wa Juni kilikuwa kweli, kuanzia neno la kwanza. Niliiogopa mashine, nikajificha nyuma ya jina la baba. Nisamehe.

Barua yako nilipewa asubuhi, na siku hiyohiyo jioni tulikuwa Newala na ule mkanda. Ulipofika mlangoni kwa watu, nilipunguza sauti ya mashine nikashika kipaza sauti. Nikasema, "Nyie wa Newala, kaka yumo ndani, kamsikia, anaona haya. Tumwache dada aseme, tumsikilize." Wakanyamaza wote. Nikakurudishia sauti, ukasema maneno yako, na akina mama wakalia. Kumbe sauti yako na yangu zinaweza kukaa kwenye kitambaa kimoja. Fundi wa mashine amepeleka habari, kama ilivyo kazi yake. Bwana mkubwa ameniita Dar nikajieleze. Meli ya wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakuwemo. Wakinifukuza, watanifukuzia karibu na nyumbani.

Lakini mama asingoje meli, barua hii inatangulia kwa posta. Mkalishe mahali pake, mpe kahawa, umsomee kuanzia hapa, kwa nguvu, kama yule Bwana alivyokufundisha. Usiongeze wala usipunguze. Huyu ni mimi ninayesema.

Hujambo, Bi Mwajabu? Hamjambo nyote wa uani? Shikamoo mama. Mwanao Mfaume nimeshika kipaza sauti, nimesimama kulia kwa kitambaa, mahali pangu. Mkanda huu nimeutazama mara nyingi kuliko hata aliyeupiga.

Mama, Tunu ameshapiga hodi ya tatu. Kavaa kaniki, miguu imejaa vumbi hadi magotini, mzigo wake kaukumbatia. Anangoja. Sasa ameinamisha kichwa, anageuka, anaondoka. Usilie, mama, ngoja.

Tumeingia ndani ya nyumba. Kaka mtu amekaa kitini, anavaa viatu. Kimoja kimeshaingia mguuni, cha pili kakishika mkononi, kitambaa cha kung'arishia bado kimo ndani yake. Anakitazama kile kiatu. Unaniuliza anafanya nini? Hafanyi kitu, mama. Anakitazama tu, kwa muda mrefu, na machozi yanamtoka. Ni mjinga, lakini si mbaya.

Sasa amekiangusha. Amesimama. Mlango umefunguka, mama! Nauona wazi. Katoka mbio, mguu mmoja una kiatu na mwingine mtupu, anachechemea kwenye mchanga wa Kinondoni, majirani wanamshangaa. Kamfikia Tunu. Hasemi kitu, hata wangeacha sauti usingesikia neno. Kauchukua mzigo kajitwika kichwani, yeye mwenyewe, na nguo zake za hospitali. Wanakwenda. Njia ni ndefu, na kile kiatu kimoja amekivua njiani, sasa wote wawili wanakwenda pekupeku.

Wamefika. Huu mlango unaujua, mama, ni wako. Yale makuti ni yako, na ungo ulioegemezwa ukutani ni wako. Kijana ametua mzigo, anafungua mdomo, anapiga hodi. Hapa walifuta sauti wakatia zumari. Sauti yako wameifuta, lakini uso wa kijana wamesahau kuufuta. Mtazame kwa macho yangu: kashtuka kidogo, kisha kacheka, meno yote nje. Mtu hachekei mlango uliokaa kimya, mama. Kaitikiwa.

Watu wa Newala hawakuweza kukusikia, kwa hiyo niliwaambia ulichosema. Karibu mwanangu, pita ndani, jua kali. Waliitika nawe uwanja mzima.

Ni hayo tu, picha imekwisha na mlango uko wazi. Nami, mama, nitapita wiki ijayo. Nitakuja na vumbi langu, nitasimama pale pale aliposimama yule kijana, nami nitapiga hodi. Uitikie kwa nguvu, hapatakuwa na mashine.

Mwanao,
Mfaume